Maua ya Zambarau Bondeni kwa Van Kessel

Jumatatu, 4 Agosti

"Kutoka mlango huu wazee wetu walitazama nyasi fupi, safi, zikishuka hadi bondeni." Ndivyo alivyoandika Beverly Rourke leo katika gazeti la mji wetu, Kesselkill. Uongo. Uongo uliopigwa pasi.

Nyumba ya Van Kessel ilijengwa kabla ya vita vya uhuru wa Marekani. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa haijaingia hata katika ndoto za wahunzi. Wazee wa Beverly wakifungua mlango ule waliona nguruwe. Waliona tope, majivu na mifupa ya supu. Na chini, bondeni, waliona chemchemi na kinamasi chake. Huko walichota maji. Huko walikata majani marefu ya kulishia ng'ombe theluji ikianguka. Nyasi zilizonyolewa zililetwa baadaye na matajiri waliotaka jirani ajue kwamba wana ardhi ya kuchezea. Nimesoma haya yote. Beverly husoma kadi za harusi.

Mama yake Beverly alizaliwa katika ukoo wa Van Kessel. Hakuna mtu mjini ambaye hajaambiwa.

Nieleze jambo lenyewe, maana hasira imenitangulia. Jumatatu ijayo kamati inayotunza nyumba hii ya kale inapiga kura. Tuko watano. Mezani kuna njia mbili. Ya kwanza ni ramani ya Renata Kosciuk, mtaalamu wa ikolojia tuliyemwajiri atengeneze mandhari ya eneo lote. Renata haanzi kwa kuuliza nini kitapendeza pichani. Anauliza maji yanataka kwenda wapi. Kisha anauliza udongo, kisha jua. Nyaraka za familia anaziita baadaye kama mashahidi. Anasema chemchemi ina umri mkubwa kuliko mlango, kwa hiyo chemchemi ndiyo mwenye nyumba. Mwanamke huyu ningemfuata hadi jela.

Njia ya pili ni ya Beverly. Bonde litiwe bomba, lijazwe kifusi, lisawazishwe, liote nyasi, hema la harusi lipate pa kusimama.

Kinamasi kikishazikwa hakifufuki. Basi.

Renata amekwenda Buffalo kumwona mama yake. Kabla ya kuondoka alinisimamisha pale getini akasema, "Randall, nina ombi moja tu. Usinisaidie." Nikamwahidi. Nililichukua kama unyenyekevu.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya. Sokoni.

Beverly alikuwa amesimama karibu na meza ya mahindi akigawa picha. Picha ya nini? Ya kitalu cha majaribio cha Renata kule bondeni. Nakiri kwamba kitalu hakipendezi. Mimea ya asili mwaka wa kwanza hushughulika na mizizi, na juu ya udongo huonekana kama nywele za mtu aliyetoka hospitali. Beverly alimpa picha Hugh Delamater, akampa na Hollis kaka yake, akawaambia kwa huzuni, "Hiyo ndiyo kesho ya nyumba ya bibi yangu." Ndugu hawa wawili wote ni wajumbe. Wote hupiga kura kumfuata mtu aliyezungumza mwisho.

Kwa hiyo nikazungumza. Nilianza na Warumi, kwa sababu bila Warumi huwezi kuelewa bustani. Nilipofika Uingereza ya karne ya kumi na nane, Beverly alinikata.

"Randy, wewe hata figili hujawahi kuotesha. Mimea unaijua kwa jina la ukoo tu."

Watu walicheka. Muuza mahindi alicheka. Stan, mume wa Beverly, ambaye hukata nyasi za Van Kessel bure kwa mapenzi na kuziacha na mistari kama shuka mpya, alicheka hadi akashika meza. Sipendi kuitwa Randy. Nilinunua mahindi mengi kuliko tunavyohitaji ili nipate sababu ya kuinamisha uso.

Ijumaa kamati nzima itatembezwa bondeni. Wataona vijiti vya kahawia. Wataona, na watazika.

Kinachokosekana pale ni rangi. Ua moja lenye kimo. Mwanadamu ni nyuki mwenye kiburi. Mpe ua kwanza, ndipo umpe hoja.

Niliahidi kutomsaidia Renata. Lakini hili si kumsaidia Renata. Hili ni kulisaidia bonde.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeyapata!

Kando ya reli ya zamani, mtaroni. Maua ya zambarau, marefu, yamesimama wima kama mishumaa. Kundi zima, yanang'aa hadi macho yanauma. Katika ramani ya Renata, mahali pa bonde, limeandikwa ua refu la zambarau la asili ya hapa, lenye umbo la mshumaa. Nilirudi nyumbani mbio kulinganisha na kitabu changu kikubwa cha mimea. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini umbo ni umbo.

Nikachukua koleo la mke wangu, Gretchen. Nikachukua na kamba yake ya kuanikia nguo.

Nitayapandaje mchana kweupe? Hapo ndipo kusoma historia kunapolipa. Watu wameshinda vita vingi kwa kujificha. Nilivaa kizibao cha reflekta na kofia ngumu ya mafundi, nikashuka bondeni saa ya chakula cha mchana kama mtu aliyetumwa na serikali. Stan alikuwa juu ya mashine yake. Aliniona kwa mbali. Alizima injini, akanipungia, akasogea pembeni nipite. Katika nchi hii mtu mwenye reflekta anaweza kubeba mlango wa benki na mlinzi akamshikia upande wa pili.

Nilivuta kamba ili mstari unyooke. Nilipanda moja baada ya jingine, kwa nafasi sawa. Nilipomaliza nilisimama nikatazama. Kitalu kilikuwa kimepata uso.

Mgongo unaniuma. Lakini ni maumivu ya heshima.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua. Maua yameshika. Hata mbingu ziko upande wetu.

Nimeandika makala kwa ajili ya gazeti la kesho: "Mbegu Zilizoamka." Nimeeleza kwamba katika udongo wa Van Kessel mbegu za ua la asili zililala tangu zama za wajenzi wa nyumba, zikakandamizwa na nyasi za wenye majivuno, na sasa, mara tu mtaalamu alipoliachia bonde pumzi, zimeamka zenyewe. Sijasema uongo. Nimesema jambo ambalo lingeweza kutokea, kisha nikaliwahi.

Mhariri alipiga simu kuuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeyaona kwa macho yangu. Hilo ni kweli kabisa.

Gretchen aliuliza kwa nini koleo lake lina tope la kijivu wakati udongo wetu ni mwekundu. Nikasema ni swali zuri. Akaniangalia. Tumeoana muda mrefu, na ule mtazamo naujua. Ni wa mtu anayehesabu ndoo kabla paa halijavuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi. Natamani siku hii ing'olewe kwenye kalenda.

Asubuhi ilianza vizuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Tulishuka bondeni kamati yote: Jaji Winifred Tack, mwenyekiti wetu, jaji mstaafu anayetembea na fimbo na kusikia kila kitu, wale ndugu wawili Delamater, Beverly, mimi. Stan alifuata nyuma. Renata alikuwa bado njiani kutoka Buffalo. Tulipopinda kwenye ukuta wa mawe, maua yakatokea. Zambarau tupu. Hugh alisimama akasema, "Mama yangu wee." Hollis alikuwa na gazeti la leo mfukoni, akalitoa, akatazama makala yangu, akatazama maua, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona muujiza na risiti yake.

Nikahutubu. Sijawahi kuhutubu vizuri namna ile. Nikasema ardhi ina kumbukumbu. Nikasema nyasi fupi ni usahaulifu uliopewa mbolea. Na Beverly, adui yangu, alinisikiliza kwa tabasamu.

"Ni mazuri," alisema. "Endelea, Randy. Tueleze yametoka wapi."

Nikaendelea. Ee Mungu, nikaendelea. Nikaeleza mbegu, usingizi wake, kuamka kwake. Nilikuwa nimefika kwenye neno urithi Renata alipotokea na mabuti yake, uso umechoka kwa safari. Hakusalimia. Alipiga magoti kitaluni, akashika shina moja kati ya vidole, akalizungusha taratibu. Nikaona rangi inamtoka usoni.

"Naomba mtu yeyote asitikise maua haya," akasema. "Rudini nyuma. Polepole."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Shina la ua letu la asili ni la mviringo, na maua yake huanza kufunguka kileleni yakishuka. Hili lina shina lenye pembe, na linafunguka kutoka chini. Si la hapa. Lilikuja kwa meli kutoka Ulaya, na likiingia kwenye kinamasi linakimeza chote, matete, vyura, kila kitu. Mmea mmoja humwaga mbegu zaidi ya milioni mbili kwa mwaka.

Kisha Beverly, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi:

"Mimi nayajua. Mama yangu aliyapanda kando ya bwawa letu. Miaka mitatu iliyopita Randy aliyaandika gazetini, akayaita Muuaji wa Zambarau. Mimi akaniita mlezi wa muuaji. Alikuwa sahihi, niliuliza watu. Niliyang'oa kwa mikono yangu siku nzima huku nalia." Akanigeukia. "Kumbe yakiwa yako ni urithi."

Ni kweli. Niliandika. Makala kali, iliyosifiwa. Lakini bwawa lake sikuwahi kulikaribia, niliambiwa na mtu. Mmea wenyewe nilikuwa sijawahi kuutazama.

Jaji Winifred alimuuliza Renata kama ndiye aliyeyapanda. Renata akasema hapana. Nani, basi? Hollis akasema, huku akilikunja gazeti, kwamba kama mtaalamu ameshindwa kulinda kitalu chenye ukubwa wa chumba, atalindaje bonde zima. Heri bomba na kifusi, akasema. Angalau kifusi kinajulikana.

Renata alisimama pale peke yake na tope magotini. Mimi nilitazama viatu vyangu. Jaji akaniuliza mimi, kwa kuwa nimeandika gazetini, nina maoni gani. Nikafungua mdomo. Nikasema maumbile yana siri zake.

Nilisema hivyo. Mtu mzima, mwenye vitabu ukuta hadi ukuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikula. Mahindi ya Jumanne bado yapo, yananikodolea.

Nilikwenda bondeni. Renata alikuwa anachimba. Hang'oi tu. Anachimba kila mzizi, anakata kila ua na kulitia kwenye mfuko kwanza ili mbegu isidondoke. Nikamwambia nimekuja kusaidia. Akanitazama kidogo, kisha akanipa glovu. Akasema asante. Ile asante iliingia kama mwiba chini ya ukucha.

Tulichimba bega kwa bega. Kisha akaanza mwenyewe, bila kuniangalia. Alisema ameandika ramani hii kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote. Alisema ameona bustani nyingi za nyumba za kale zilizopambwa kama maharusi, zinakunywa dawa na maji ya bomba usiku na mchana ili zifanane na picha ya kitu ambacho hakikuwepo. Hapa alitaka mara moja tu mahali paruhusiwe kuwa penyewe. Sasa kama kura zitakwenda upande wa Hollis, bomba litaingia kabla ya baridi.

Hapo ndipo mtu angekiri. Mtu yeyote. Mwizi wa kuku angekiri.

Nikasema huenda mbegu zililetwa na upepo.

Renata aliacha kuchimba. Akanyoosha koleo lake, akalipitisha hewani juu ya mashimo tuliyochimba, moja, jingine, jingine, yote kwenye mstari mmoja ulionyooka kama rula.

"Randall," akasema, "upepo haupandi kwa kamba."

Akarudi kuchimba. Mimi nami niliendelea kuchimba, nimevaa glovu alizonipa, nikitamani shimo lolote kati ya yale liwe na kina cha kunitosha.

Maisha yangu yote nimepiga vita mistari iliyonyooka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemweleza Gretchen. Alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza hadi mwisho, akaosha mikono, akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unahesabu safari hii nani atabeba lawama? Renata?"

Nikasema ni jambo lenye pande nyingi.

"Mume wangu, lina upande mmoja. Kesho unasimama unasema umepanda."

Nilikaa mchana kutwa nikiandika ungamo. Ni maandishi mazuri. Yanafungua na suala la wakoloni kuhamisha mimea baharini, yanapita kwenye uzembe wa wachapaji wa vitabu wanaobana gharama kwa picha zisizo na rangi, yanagusa wajibu wa shirika la reli kusafisha mitaro yake, na yanafunga na tafakari juu ya udhaifu wa binadamu kwa jumla. Nikampa Gretchen asome.

Alisoma yote. Akanirudishia. Akasema ni ungamo la kwanza kuona ambalo mwenye dhambi hayumo.

Nilitafuta. Kweli, neno "nilipanda" halimo. Nilipojaribu kulitia, kila sentensi niliyolitia ilionekana uchi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kura imepigwa.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Renata alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, begi mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Jaji Winifred aligonga meza akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kura. Nilisimama. Nilikuwa na karatasi zangu.

Nikaanza, "Tangu zama za Warumi..."

Jaji akaniambia niweke karatasi chini. Nikaziweka. Akasema, kwa sauti ile ambayo naamini iliwafungulia watu milango ya gereza na kuwafungia, "Bwana Oosterhout. Ulipanda au hukupanda?"

"Nilipanda."

Neno dogo. Lilitoka kama jino. Nikamalizia: kwamba Renata alinikataza, kwamba niliahidi, kwamba nilivunja, kwamba makala ilikuwa ya kubuni, kwamba nilimwacha asimame peke yake Ijumaa. Stan, nyuma kabisa, alisema kwa mshangao, "Kumbe mwenye reflekta ni wewe? Mimi nilikupisha bwana, nikadhani ni mtu wa umeme." Watu walicheka. Safari hii sikuwa na mahindi ya kununua. Uso ulikuwa unawaka hadi masikioni.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilidhani Beverly sasa atanikanyaga, na bonde atalizika juu yangu. Alisimama. Alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

Alisema siku ile alipong'oa maua ya mama yake, bwawa lilibaki tope tupu, na watu walipita wakitazama. Aliyekuja ni Renata. Hakuitwa. Alikuja na ndoo ya miche, akapiga magoti topeni pamoja naye. Leo bwawa lina maua mekundu ambayo ndege wadogo wanayapigania, na vyura wanapiga kelele hadi Stan analala na pamba masikioni. "Hakuniandika gazetini," alisema Beverly. "Alikuja na ndoo." Alisema anapenda nyasi na hataomba radhi kwa kuzipenda. Lakini Ijumaa alipomwona yule binti amesimama peke yake na tope magotini, na mwanaume mzima akitazama viatu, aliona afadhali avunjike ulimi kuliko kulizika bonde kwa kosa la Randy.

Akatoa hoja. Bonde lote na kinamasi chake liwe kama ramani ya Renata inavyosema. Mteremko wa juu ubaki nyasi, Stan apate mistari yake, hema lisimame huko. Na Randy asivuke uzio wa bonde, leo wala kesho.

Ndugu Delamater, kwa kuwa Beverly ndiye aliyezungumza mwisho, walikubali papo hapo. Jaji akakubali. Renata, kule mlangoni, aliinama akafunika uso. Nadhani alikuwa analia.

Kura nne kwa moja. Ile moja ni yangu. Niliipinga hoja. Siwezi kuunga mkono nyasi, hata nusu mteremko. Mtu lazima awe na msimamo.

Gretchen hajazungumza nami tangu tutoke ukumbini.

Jumanne, 12 Agosti

Gazeti limeomba radhi kwa wasomaji kwa ajili ya "Mbegu Zilizoamka." Fupi, ukurasa wa mbele.

Nilikutana na Renata mlangoni pa posta. Nilikuwa nimeandaa maneno. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu aliyekushikia mlango mji wa ugenini, akapita. Nilibaki na bahasha mkononi. Watu walikuwa wanasubiri nisogee, na mimi sikusogea.

Gretchen amenieleza leo, kwa sauti ya chini, kwamba jana usiku hakukasirika kwa sababu nilikosea. Alikasirika kwa sababu alinionea fahari kwa dakika moja, nilipotamka lile neno, kisha nikanyoosha mkono kupinga. Nikaenda kuosha vyombo. Naandika hilo kwa sababu ni mara chache.

Nimeona aibu. Namaanisha hivyo. Si aibu ya kuchekwa, ile nimeizoea kama koti la zamani. Hii nyingine. Ya kujua kwamba kitu nilichokipenda kuliko vyote mjini hapa kilikuwa karibu kufa mkononi mwangu, na kimeokolewa na mtu niliyemdharau, kwa sababu tu yeye alikuwa amewahi kutazama ua kabla ya kulisema.

Nitatulia. Nitasoma kidogo, nitatazama sana. Nimeapa.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijavuka uzio. Naheshimu uamuzi wa kamati. Lakini barabara ni ya umma, na darubini ni yangu.

Nimeona nilichokiona. Bondeni, pale pale, kuna zambarau. Si ua moja. Kundi kubwa, marefu, wima kama mishumaa. Siku kumi tu baada ya kura ile ya kihistoria, Muuaji amerudi, na hakuna aliyepiga yowe.

Nilimwita Gretchen atazame. Alitazama muda mrefu. Akasema ni yale ya Renata, ya asili, aliyoyapanda juzi na watu wa kujitolea, Beverly akiwemo. Akasema aliwapelekea maji baridi ya limau, akayashika mashina, ni ya mviringo. Akasema hata kwa darubini yanaonekana yamefunguka kileleni, chini bado ni matumba. Akasema kila kundi lina kibao chenye jina.

Nikamwambia vibao hukosewa. Nikamwambia mashina ya mviringo ni suala la mtazamo. Nikamwambia kwamba katika mji huu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuandika makala nzima juu ya mmea huu, na mtu huyo ndiye anayezungumza naye. Akaniomba nishuke kwenye paa la gari. Nikakataa, maana ndiko kunakoonekana vizuri. Akachukua funguo, akaenda nyumbani kwa miguu.

Nimesubiri uthibitisho, na sasa ninao: nimefungua kitabu changu, na picha inafanana kabisa. Kwa hiyo naandika hapa kwanza, kesho gazetini, kama mhariri atapokea simu.

Ninyi wajumbe wa kamati ya Nyumba ya Van Kessel, Jaji Winifred Tack, Hugh na Hollis Delamater, na wewe Beverly Rourke uliyeyashika kwa mikono yako na bado hukuyatambua: ng'oeni maua yale ya zambarau kabla ya Jumamosi saa sita mchana, yote, pamoja na mizizi. Mkishindwa, mwachieni anayeyajua aingie ayang'oe mwenyewe, na fungueni lile geti la chini, maana uzio wenu una miiba.